Kabla hujaupiga picha mlango wa mtu

Mlango wa kwanza niliouchora kwa kompyuta uko mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, ndani ya daka ambalo mchana kutwa halipati jua ila kidogo, linapofika utosini. Nilikuwa napita tu. Nikaupiga picha mbili kwa simu, nikaenda nyumbani, nikakaa na Inkscape, programu ya kuchorea, mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha nakshi yote ya kizingiti ilikuwa kwenye skrini, mistari myeusi juu ya weupe, nikaona nimeuokoa mlango ule usipotee. Siku hiyo hiyo nikaipakia mtandaoni kwa ukubwa wake wote.

Haikupita miezi mingi, binamu yangu aliyeko Mombasa akanitumia picha ya kitambaa cha meza alichokiona dukani. Nakshi ilikuwa ile ile. Niliitambua kwa kosa langu mwenyewe: jani moja la upande wa kushoto nililigeuza sivyo, na pale kitambaani nalo limegeuka vivyo hivyo.

Nilikasirika, nikataka na wengine wakasirike pamoja nami. Mama ndiye aliyeniuliza kama nimeshamwambia mwenye kazi. Mwenye kazi gani, na mlango ni wa zamani? Akaniambia mlango ni wa zamani kweli, lakini kizingiti kililiwa na mchwa kikabadilishwa, na fundi aliyekichonga yu hai, karakana yake iko mtaa wa Langoni. Nikaenda. Mzee akavaa miwani, akaitazama picha ya kitambaa kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomwonyesha. Hakugomba. Aliuliza neno moja tu: "Na mimi ni wapi hapa?"

Jina lake halikuwa kwenye kitambaa. Kwenye ukurasa wangu pia halikuwapo.

Tangu siku hiyo nimechora milango mingi, na vijana wa Lamu, Malindi na Mombasa huniuliza wanunue simu gani, wajifunze programu gani, wauze wapi. Maswali hayo nitayafikia. Lakini swali la mzee linatangulia, kwa sababu kazi ya sanaa ya mtandaoni inayoanza kwa kumruka mtu haitengenei baadaye kwa vifaa vizuri.

Siku ya kwanza nenda bila kamera. Simu iache mfukoni. Keti karakanani, usaidie kushika ubao, ufagie maranda. Mji huu umepigwa picha sana, hasa tangu UNESCO ilipouweka Mji wa Kale wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mafundi wamezoea watu wanaokuja, wanapiga, wanaondoka. Ukikaa bila kupiga, wanaanza kukueleza. Mimi nilikwenda siku tatu. Siku ya nne mzee mwenyewe aliniambia, "Ndoo, mwanangu, sasa hapa pana mwanga," yaani njoo upige.

Halafu pataneni, na mpatane kwa maandishi. Makubaliano yetu ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, bila maneno ya mawakili. Nilimsomea kwa sauti mbele ya mwanawe, tukatia saini, kila mmoja akabaki na nakala. Umeandikwa kwamba jina la fundi litakaa pamoja na kila mchoro. Kwamba kikiuzwa kitu chenye nakshi yake tunagawana nusu kwa nusu, na fungu lake namtumia kwa M-Pesa siku ile ile ninayolipwa. Kwamba ziko nakshi ambazo hazitatoka karakanani. Na kwamba akisema basi, ni basi. Nyinyi mnaweza kugawana vingine. Kitu kimoja ninakisisitiza: fedha zilipwe siku ile ile. Fungu la fundi likikaa wiki mbili kwenye simu yako, utalila.

Sheria nayo iko upande wenu kuliko wengi wanavyodhani. Kenya, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapowekwa kwenye umbo la kudumu, iwe ubao au faili, hata kama haijasajiliwa, na ulinzi huo unaendelea maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, yaani KECOBO, ni hiari, ila kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Nakshi zilizorithiwa tangu mababu, zisizo na mchongaji mmoja anayejulikana, zina sheria yake ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na kuitambua jamii kuwa ndiyo mwenye mali. Tofautisha hayo mawili kabla hujachora. Uliza kila mara: hii ni ya fulani, au ni ya mji?

Sasa kamera. Simu ya kawaida inatosha. Vichochoro vyetu ni vyembamba na jua likiingia linaingia kutoka juu, kwa hiyo usilisubiri. Rudi usiku na tochi. Flashi ya simu inayomulika mlango usoni inaufanya uwe bapa kama karatasi, kina chote cha nakshi kinapotea. Mwombe mwenzako aishike tochi ubavuni, karibu na ukuta, mwanga uteleze juu ya ubao, na hapo kila kifereji kitajaa kivuli na kila jani litainuka. Mara ya kwanza kufanya hivyo kwenye mfaa, ule ubao wa katikati, wa mlango mmoja, tuliona alama za bikari ambazo mwenye nyumba, aliyezaliwa humo, hakuwahi kuziona. Upande wa pili asimame mtu mwenye kanzu nyeupe, weupe wake unarudisha mwanga kwenye vivuli vilivyozidi giza. Rudi nyuma kadiri kichochoro kinavyokuruhusu, simu iwe sambamba na ubao, isiinamishwe, na uweke rula ndani ya picha. Bila rula hutajua kamwe kama ua lile lilikuwa la inchi tatu au tano.

Zipo programu zinazogeuza picha kuwa mistari kwa kubofya mara moja. Nilizitumia mwanzo, na ndizo zilizonigeuzia lile jani. Chora kwa mkono, mstari mmoja mmoja, kisha mpelekee fundi karatasi iliyochapwa, si skrini, na kalamu nyekundu. Mzee aliweka duara kwenye kijifereji kinachozunguka ua. Mimi nilikichora kama pambo, chembamba hapa, kinene pale, kwa kupendeza macho. Akachukua patasi akanionyesha kwenye kipande cha mbambakofi: kile hukatwa kwanza, ili patasi ikija kutoka nje isipitilize na kurarua nyuzi za ubao mpaka ndani ya ua. Upana wake ni upana wa patasi, basi, haubadiliki. Na jani langu halingeweza kugeukia upande ule kwa sababu pale mkono ungekwenda kinyume cha nyuzi. Nilibaki kimya. Usiku mzima nilikuwa nimechora kitu ambacho hakichongeki.

Kwa hiyo rekodi na maneno pia. Majina ya nakshi, majina ya vifaa, namna fundi anavyosema "hapa mti unakataa". Weka simu shubiri moja kutoka kinywani, juu ya kikoi kilichokunjwa, zima feni, na usirekodi ufukoni wakati wa kusi kwa sababu upepo utakula nusu ya maneno. Tumia faili za WAV, ambazo hazibani sauti. Kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, njia mbili, saa moja inakula takriban gigabaiti 1, na inafaa kabisa kuzilipia gigabaiti hizo. Kuna usiku mmoja tulitundika shuka nyeupe kwenye baraza, tukaazima projekta, tukawaonyesha wazee michoro. Wakabishana juu ya jina la nakshi moja mpaka chai ikapoa, wa Mkomani wakisema hivi na mmoja aliyekulia Siyu akisema vile. Simu ilikuwa inarekodi. Mabishano yale ndiyo faili ninayoithamini kuliko zote.

Nilipoteza nyingine nyingi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa miaka minne nilikuwa napakia kila kitu kwenye akaunti moja ya mtandao wa kijamii, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa inajaa, nilikuwa nafuta nakala zangu. Siku moja akaunti ikafungwa. Niliandika barua pepe, nikajaza fomu, nikajibiwa na mashine. Ndani yake mlikuwamo sauti ya fundi wa majahazi wa Matondoni ambaye ameshafariki. Familia yake waliniomba rekodi ile wakati wa hitima, na sikuwa nayo.

Mtandao wa kijamii ni baraza la kuonyesha. Huwezi kuugeuza sanduku la kuhifadhia. Faili asili ikae kwako, nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nyumba nyingine kabisa. Ya tatu tumeiweka kwa mzee. Iko kwenye flashi diski ndani ya kopo la biskuti, kopo liko kwenye kidaka cha chumba cha ndani, na ndani ya kopo nimetia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu chumvi ya hapa inakula chuma cha diski kama inavyokula misumari ya mashua. Kila baada ya miezi sita ninaichukua, naifungua, nahakikisha inasoma. Nakala usiyoifungua hujui kama unayo.

Picha zikipitia WhatsApp kama picha zinabanwa na kupungua ubora. Zitume kama dokumenti. Michoro ihifadhi kwa SVG, aina ya faili ya michoro ya mistari: ndani ni maandishi matupu, na hata Inkscape ikitoweka kesho programu nyingine itaisoma. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kushikamana na programu huria kama Inkscape, GIMP ya picha na Audacity ya sauti. Ni za bure, ndiyo, na kwa kijana anayeanza hilo ni jambo kubwa, lakini kilichonivuta zaidi ni kwamba hakuna atakayenizuia kufungua kazi yangu kwa sababu sijalipa mwezi huu. Majina ya faili yaandike kwa Kiswahili kinachoeleweka: mtaa, sehemu ya mlango, fundi, mwaka. Picha yenye jina la tarakimu tupu ni kama kaburi lisilo na jina.

Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu iliwahi kupigwa picha kidijitali kwa msaada wa mpango wa British Library unaoshughulikia kumbukumbu zilizo hatarini, na leo mtu aliye mbali anaweza kuisoma. Nafurahi kila nikiifungua. Lakini ile ni karatasi, na karatasi huwa zina watu wa kuzitafuta. Patasi na kauli za karakanani, nani atakuja kuziuliza? Sisi tulio hapa tuna simu mifukoni.

Kuhusu kutoa kazi bure. Mimi naamini katika kushirikiana. Nisingejifunza lolote kama watu wasiojuana nami wasingeweka masomo yao wazi. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zinakuwezesha kusema: chukua, tumia, taja jina, au: usiifanyie biashara. Ila fahamu kwamba ukishaitoa huwezi kuirudisha. Aliyeichukua kwa masharti yale anabaki nayo. Kwa hiyo hakuna ninachokitoa kabla fundi hajasema ndiyo, na nimemweleza kwamba ndiyo hii haina kurudi nyuma.

Na kuna mpaka ambao sitauvuka. Siku hizi ipo mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ukiipa faili ya SVG iliyotayarishwa vizuri inachonga ubao mzima bila mkono wa mtu. Mchoro wa kujifunzia ninautoa, kwa ukubwa mdogo, na maelezo yake. Faili iliyo tayari kwa mashine haitoki. Rafiki zangu wa utamaduni huria wananilaumu kwa hili, wanasema maarifa yasifungiwe. Nawaheshimu, lakini wao hawakai Langoni wakihesabu ni vijana wangapi bado wanakuja kujifunza patasi. Mzee ana wawili. Mteja akipata mlango wa mashine kwa bei ya chini, hao wawili wataendesha bodaboda.

Kuuza sina mengi ya kusema. Fungua tovuti yako mwenyewe hata kama ni ya kurasa tatu, lipia jina lake kwa jina lako na si kwa jina la rafiki, na mitandao mingine yote iwe inaelekeza watu pale. Bei iandike wazi. Mteja anayeomba "kiasi kidogo tu cha kujaribu" mpe mchoro wenye alama yako katikati.

Kile kizingiti nimekichora upya, jani limekaa sawa, na jina la fundi liko chini yake kwa herufi za kuonekana. Alhamisi baada ya sala ya alasiri huwa tuko karakanani, mimi, mzee na hao vijana wake wawili. Ukija njoo na flashi diski tupu. Na kama nyumbani kwenu kuna ubao wa mlango wa zamani uliong'olewa, hata ukiwa kipande, hata ukiwa umeliwa nusu, usiutie motoni. Ulete tuupime kwanza.