Sindano mbele ya watu: maswali ya wazazi wa watoto wenye kisukari

Binti yangu aligundulika kuwa na kisukari akiwa na miaka sita. Tangu hapo wazazi wenzangu hapa Tanga wamekuwa wakiniuliza maswali: kliniki, barazani, hata sokoni nikichagua nyanya. Haya ya leo, ukiyasikiliza vizuri, karibu yote yana hofu moja ndani yake: watu wakiona, itakuwaje? Mimi ni mama tu, si daktari. Kipimo cha dawa ya mwanao kinabaki kwa daktari wake.

Dada, nilikuwa harusini Makorora. Chakula kilipoletwa nikatoa sindano nimchome mwanangu wa miaka saba. Mama mmoja akasema, "Peleka huko chooni, watu wanataka kula." Nikainuka nikaenda. Nilikosea? (Mama, Mabawa)

Ulitahayari, dada yangu, na hakuna wa kukulaumu. Tahayuri hiyo naijua. Mwaka wetu wa kwanza nami nilimpeleka binti yangu chooni kwenye shughuli. Taa ilikuwa hafifu, sakafu imelowa, hapana hata pa kuweka kichupa. Zile alama za kwenye bomba la sindano ni ndogo mno, maana mililita moja ya insulini, yaani hiyo dawa ya kushusha sukari, ina yuniti 100. Nilikusudia yuniti nne, nikavuta nane. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimpa uji na maji ya sukari, nachoma kidole, nasubiri, nachoma tena, na yeye analia usingizi. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa sababu nilikimbilia gizani kuogopa macho ya watu.

Tangu siku hiyo binti yangu anachomwa palipo na mwanga. Kaa ukingoni mwa jamvi, mgeuze kidogo upande wa ukuta kama nguo inabidi ipandishwe, kisha mwambie aliye karibu nawe, "Mwanangu ana sukari, hii ndiyo dawa yake ya kulia chakula." Wengi wataitikia "pole" na kusogea kukupisha. Sindano iliyotumika isiachwe jamvini hata dakika moja. Ina chupa yake ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ndani ya mkoba wako. Hapo ndipo wageni wenzako wana haki ya kukudai.

Na kabla ya kumpima sukari kidoleni, mnawishe. Mtoto aliyetoka kumenya chungwa la Muheza, kidole chake kina sukari ya chungwa, na mashine itakupa namba kubwa ya uongo. Ukiifuata namba hiyo utamzidishia dawa.

Ramadhani iliyopita sukari ilimshuka mwanangu wa miaka tisa mchana, tuko barabarani. Nikampa soda. Watu wakatukemea mpaka akaacha kunywa. (Mama, Ngamiani)

Imeniuma kusoma hili. Mashine ikionyesha chini ya 4 (zile zilizoandikwa mmol/L), au chini ya 70 (zile zilizoandikwa mg/dL), mtoto apewe kitu kitamu palepale aliposimama. Hapelekwi nyumbani kwanza, hafichwi nyuma ya ukuta. Saumu haimlazimu mtoto ambaye hajabaleghe, na mgonjwa Mwenyezi Mungu mwenyewe amemruhusu kula katika Surat al-Baqara. Anayekemea amekosa habari tu. Mjibu kwa maneno mawili, "Ni mgonjwa," huku mkono wako umeshika chupa mdomoni mwa mtoto. Akitaka kufahamu zaidi, mweleze baadaye, mtoto akishapata nafuu.

Mwezi ule vibanda vingi vimefungwa mchana, kwa hiyo usitegemee kununua. Mimi mkobani nina sukari iliyofungwa kwenye karatasi na chupa ndogo ya maji, kila siku ya mwaka.

Kijana wangu wa miaka 16 alijichoma ndani ya basi pale stendi ya Kange. Kondakta akamwita teja, akataka kumshusha. Sasa hataki kusafiri. (Baba, Pongwe)

Kaka, mji wetu umeumizwa na unga. Nyumba nyingi zina mtu wao aliyepotelea huko, na watu wakimwona kijana na sindano, akili inakwenda hukohuko. Siwatetei, ila ukilijua hilo utajua pa kuanzia.

Kijana amwambie kondakta kabla ya kupanda: "Nina kisukari, nitajichoma sindano tukisimama." Aliyeambiwa mapema hashtuki. Asijifunike koti wala kujikunja kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu kujificha ndiko kunakozaa shaka. Kichupa, sindano, mashine na kadi ya kliniki vikae pamoja kwenye kifuko kimoja, na chakula kiwe karibu naye kabla hajajichoma. Kama kliniki yenu inaweza kumpa insulini ya kalamu, yaani sindano yenye umbo la kalamu, iombeni. Watu hawaishtukii kama sindano ya bomba. Na kifuko hicho akipakate mwenyewe. Kisiwekwe kwenye buti wala karibu na kioo cha mbele, maana joto la huko linaiua insulini.

Safari ya kwanza nenda naye. Kaa naye kiti kimoja, na akitoa sindano wewe endelea na mazungumzo yenu. Alichoitwa pale stendi kilimvunja mbele ya watu, na anahitaji kumwona baba yake mbele ya watu haohao akiwa hana aibu naye.

Nina mwanafunzi mwenye kisukari. Akianza kutetemeka darasani nifanye nini? (Mwalimu)

Asante kwa kuuliza. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, au kujibu mambo yasiyoeleweka: chukulia sukari imeshuka. Usimtume peke yake ofisini, anaweza kuanguka njiani. Mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, apimwe tena, kisha ale. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni wala usimchome insulini. Mlaze ubavu, akimbizwe hospitali.

Mruhusu pia kupima kidole na kula darasani. Na akiomba kwenda chooni mara kwa mara, mruhusu: huenda sukari imepanda.

Mwanangu, mjukuu wangu anachomwa mara nne kwa siku, wenzake wanatazama. Jirani asema atawaambukiza, na kwamba kuna mti unaomaliza kabisa. (Bibi, Chumbageni)

Shikamoo bibi. Kisukari hakiambukizi, hata wakila sahani moja na kulala kitanda kimoja. Kinga ya mwili wa mjukuu wako imeziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakurogwa, na mama yake hakumlisha vibaya. Kitu kimoja tu watoto wasichangie: sindano na kile kichomeo cha kidole, kwa sababu ya damu.

Miti ya Usambara naiheshimu, bibi, nimelelewa nayo. Lakini hakuna mzizi unaorudisha chembe hizo za kongosho zilizokufa. Kabla ya insulini, watoto wa namna hii walikuwa wakifa. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa wa kwanza kuchomwa. Alikuwa amekonda kabisa, anasubiriwa kufa. Akaishi miaka 13 zaidi. Mjukuu wako akiachishwa sindano hata kwa siku chache, ataanza kutapika, atahema kwa nguvu, na pumzi yake itanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ni hospitali mbio. Wenzake waache watazame. Siku akianguka wakiwa uwanjani, wao ndio watakaokuja kukuita.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 12. Mama ananipima mbele ya kila mtu na anamwambia kila mtu. Kwenye daladala alimwambia hata konda. Mimi sitaki. (Msichana, Nguvumali)

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, maana nimewahimiza wazazi wasifiche, na wewe umenionyesha upande niliouacha. Mwili ni wako, na habari zake ni zako. Mama yako akisema mbele ya watu, nadhani ni hofu yake inayosema. Anahesabu nani atajua la kufanya siku asipokuwepo.

Wako ambao lazima wajue: mwalimu wako, rafiki unayetembea naye, na mtu mzima yeyote unayesafiri naye. Hao wengine uchague wewe. Uchague pia mahali pa kukaa, mkono upi, na kama mtu akiuliza ajibu nani. Kupima na kuchoma, hapo huna hiari, na ukiruka sindano ili usionekane nitakuwa upande wa mama.

Binti yangu alinidai hayohayo akiwa na miaka 11. Tukakubaliana: akinigusa kifundo cha mkono, nanyamaza, anajibu mwenyewe. Siku za mwanzo nilikuwa najiuma ulimi. Majuzi tulikuwa ufukweni Raskazone, kitoto kimoja kikamjia na kuuliza anafanya nini na kidole chake. Akanigusa mkono. Akakipa mashine kishike, akakiambia, "Soma namba hii kwa sauti."

Ukishindwa kumwambia mama yako, mwandikie. Mimi niliikuta karatasi chini ya mto wangu.