Msanii wa Mtaani Mlipe Kwanza, Msifu Baadaye

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa na duka la vifaa vya shule na uchapaji huku Magomeni, Dar es Salaam, na ni kwenye baraza la duka hilo nilipojifunza, kwa makosa yangu mwenyewe, namna ya kumsaidia msanii. Kosa la kwanza nilimfanyia kijana mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa na mkono mwepesi wa kuchora. Nilimwomba aniandikie kibao cha duka, akataja shilingi 80,000, nami nikamshusha hadi 40,000 kwa hoja kwamba yeye ni kijana wetu na kwamba watu wengi wataiona kazi yake. Alipomaliza nikamtaka abadilishe rangi ya herufi, kisha aongeze picha ya kalamu na daftari, na malipo yenyewe nikayatoa vipande vipande kwa muda wa miezi miwili. Kibao kilikuwa kizuri, na kila mgeni aliyefika nilimwambia kwa fahari kwamba mtaa wetu una vipaji. Haukupita muda kijana akaacha kuchora, akaingia kwenye bodaboda. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Mama, rangi inanunuliwa taslimu."

Jibu lile lilinikaa kifuani. Kopo la rangi, brashi, msasa, thina na ubao vyote hulipiwa kabla mstari wa kwanza haujachorwa, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hamkopeshi kijana kwa sababu ana kipaji. Kwa hiyo mteja anayesema "nitakulipa ukimaliza" humlazimisha msanii atumie hela yake ya chakula kumkopesha yeye, mara nyingi yeye mwenye uwezo zaidi. Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao nawasihi wenzangu waufuate: tunakubaliana bei kabla ya kazi, tunaandika kwenye karatasi kitakachochorwa na marekebisho yatakuwa mangapi, natoa nusu ya fedha mwanzoni, na nusu iliyobaki naitoa siku ileile ninayopokea kazi. Kama fedha sina, nasubiri mwezi ambao nitakuwa nayo. Kufahamiana kusiwe sababu ya kumpunja mtu. Anayetufahamu ndiye anayeona haya kutudai, kwa hiyo ndiye tunayepaswa kumlipa mapema zaidi.

Wakazi wa jiji hili tuna mfano wa karibu wa jinsi sanaa inavyoota mizizi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya hadibodi za kawaida, na picha zake zikauzwa Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Kwa hesabu ya kawaida sanaa ile ingezikwa pamoja naye. Lakini alikuwa ameketi na vijana kando yake, baadhi yao ndugu zake, kina Ajaba Abdallah, January Linda na Simon Mpata, waliojifunza kwa kutazama mkono wake na kwa kushika brashi, nao wakaendelea na kazi, wakafundisha wengine, hadi mwaka 1990 wachoraji wa mkondo huo walipounda chama chao cha ushirika. Ninapoitafakari habari hii naona mambo mawili yaliyoibeba sanaa ile: kulikuwa na mahali panapojulikana pa kufanyia na kuuzia kazi, na kulikuwa na mtu aliyekubali kuketi na wanaojifunza. Hayo yote mtaa wa kawaida unaweza kuyatoa.

Kwa upande wangu nilitoa baraza. Kila siku baada ya saa tisa alasiri, jua linapohamia nyuma ya jengo, vijana wawili na binti mmoja wa kidato cha tatu huketi pale na mbao zao, na mchoraji mmoja mtu mzima aliyekuwa akitembeza picha barabarani huja mara mbili kwa wiki kuwaelekeza. Huyo namlipa nauli na ujira, kwa sababu kufundisha nako ni kazi. Nimejifunza kwa kuwatazama. Binti huanza kwa kupaka usuli wa rangi moja, akiukoleza taratibu kutoka juu kwenda chini, kisha huuacha ukauke hadi kesho yake kabla ya kuchora umbo lolote. Wakati wa kiangazi hilo halina shida, lakini masika ya kwanza rangi ilibaki ikinata kwa siku tatu na vumbi la barabarani likagandia juu yake, akalazimika kuikwangua yote kwa wembe na kuanza upya. Ndipo nilipoondoa maboksi ya madaftari kwenye rafu moja ya ndani ili mbao zikaukie humo. Rafu hiyo nadhani imewafaa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu kukuza vipaji. Mama yake binti alikuwa na wasiwasi, na alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba kazi ifanyike palepale nje ambapo kila mpita njia anaona, na binti aondoke kabla ya magharibi.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba mnunuzi naye hujenga au hudumaza ubunifu. Picha za tembo, twiga na Mlima Kilimanjaro zinanunuliwa na watalii, kwa hiyo wachoraji wanazirudia na kuigana, wala siwalaumu, kwa kuwa familia lazima zile. Sisi wenyeji ndio tunaoweza kuagiza picha ambayo mtalii hataiulizia. Nilimwomba yule binti anichoree mama anayekaanga mihogo jioni pale kituoni. Rasimu ya kwanza aliweka twiga nyuma ya karai, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuona picha zinazouzwa. Sikumwambia ni nzuri. Nilimwomba aende kituoni akae nusu saa bila kalamu, atazame tu. Aliporudi na rasimu ya tatu, moshi ulikuwa umefunika nusu ya uso wa yule mama, na mkono wenye kijiko ulikuwa umekunjwa hasa kama anavyoukunja mwenyewe anapokwepa mafuta yanayoruka. Picha hiyo imetundikwa juu ya kaunta yangu. Mwenye mihogo alikuja kuitazama na wanawe wote, akasimama kimya kwa muda mrefu, na wiki iliyofuata akaagiza kibao cha biashara yake, kwa bei kamili.

Kwa kuwa mimi ni mchapaji, lazima niseme neno kuhusu haki. Mteja mmoja aliipenda picha ile, akaipiga kwa simu, akataka nimchapie majalada mia mbili ya madaftari ya kuuza. Alishangaa nilipomkatalia. Kumiliki picha ukutani hakunipi ruhusa ya kuizalisha. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kwa kawaida haki ya kunakili hubaki kwa mchoraji mpaka akubali mwenyewe kuitoa. Nilimpeleka kwa binti na mzazi wake wazungumze. Alikubali kulipa, jambo linaloonyesha kwamba wengi wetu hatuna nia ya kuiba, ila hatujawahi kuambiwa.

Haya hayahusu wachoraji peke yao. Katika kamati za harusi nilizokaa, ukumbi, chakula na keki hupangiwa fungu mapema, halafu kikundi cha ngoma huahidiwa nauli na soda. Nimeanza kuomba kikundi kiandikwe kwenye bajeti siku ya kikao cha kwanza, na mara mbili tumefanikiwa. Wenye mapambo wanakuja na ankara, nasi tunazilipa bila kunung'unika. Mpiga ngoma aliyefanya mazoezi mwezi mzima ana uzito gani pungufu?

Mwaka jana kibao changu kilikuwa kimepauka kiasi kwamba herufi mbili hazisomeki. Nilimtafuta yule kijana wa bodaboda kijiweni kwake, nikampa shilingi 40,000 nilizompunguzia zamani, nikamwomba anipangie bei ya kukiandika upya. Hakusema kitu kwa muda, akizizungusha zile noti mkononi. Kisha akaja hadi dukani, akakipima kibao kwa shibiri, akaugusa ubao kuona kama umeoza, akasema 150,000. Nikamhesabia nusu palepale, akawasha pikipiki akaenda kununua rangi.