Jibu: Activision ilianza 1979, 1991 au 2008?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu kila mahali unakuta Activision, kampuni ya Marekani ya gemu za video, imepewa mwaka wake wa kuanzishwa. Shika 1979, hiyo mingine ni miaka ya kubadilisha mikono.

Anza kwa kuangalia kasha la gemu. Mimi nikipanga za kwangu, natafuta kwanza jina la mtu aliyeitengeneza, mfano David Crane kwenye Pitfall! ya 1982. Hapo ndipo penye kiini cha kampuni. Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan waliondoka Atari, kampuni iliyotengeneza mashine za gemu, wakaanzisha Activision kwa kuwa gemu zao ziliingiza mamilioni ya dola huku wao wakiambulia mshahara tu, bila hata kutajwa. Atari iliwashtaki ila haikuweza kuwazuia, na tangu hapo kampuni nyingine zikaanza kuuza gemu za mashine ambazo si zao. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mauzo yote yaliyofuata.

Ukikuta jina Mediagenic, ni hao hao kuanzia 1988. Mfanyabiashara Bobby Kotick aliichukua 1991 ikiwa taabani, akarudisha jina la zamani. 2008 ni muungano na Vivendi Games, iliyomiliki kampuni ya gemu ya Blizzard, ikawa Activision Blizzard, na Microsoft ikainunua Oktoba 2023.