Ukitaka kujua kituo cha runinga ni cha nani, fuata hisa

Usiku wa Januari 31, 2013 matangazo ya analojia yalizimwa hapa Dodoma, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Kesho yake jioni, kwa jirani yetu Nkuhungu, runinga ikawa chenga tupu. Mzee mwenye nyumba akatoka nje, akalizungusha bomba la antena huku na huku, sisi tukimpigia kelele kupitia dirishani: "Bado, baba! Bado!" Mtu mmoja sebuleni akasema kituo kimeuzwa. Wiki haijaisha, maneno hayo yameshafika soko la Sabasaba, na mimi niliyekuwa naandika kijarida cha mtaa nikayachapa.

Hayakuwa kweli. Wenye kituo walikuwa walewale, na mzee alihitaji king'amuzi tu. Niliomba radhi toleo lililofuata, na tangu hapo suala la nani anamiliki chombo cha habari silichukulii juu juu. Wanaotuletea habari wanaingia sebuleni mwetu kila siku, na tuna haki ya kujua ni akina nani.

Wewe unayeanza kuandika mambo haya, kwanza mtenge anayerusha na anayemiliki. Ilipokuja dijitali, kituo kikabaki na kazi ya vipindi, huku matangazo yakibebwa na kampuni yenye leseni ya kurusha. Wakati ule zilikuwa tatu: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Star Media yenyewe ilianzishwa kwa ubia wa StarTimes ya China na TBC, shirika letu la utangazaji la taifa. Kwa hiyo nembo iliyobandikwa kwenye king'amuzi haikwambii kituo unachokitazama ni cha nani.

Jina la kituo nalo usiliegemee. Channel 5 ya Uingereza ilianza 1997. Mwaka 2010 kampuni ya RTL ikaiuza kwa Richard Desmond, mwenye magazeti, na mwaka 2014 yeye akaiuza kwa kampuni ya Viacom ya Marekani. Wenyewe wamebadilika mara mbili ndani ya miaka minne, na mtazamaji anaona tano ileile. Karibu yetu, K24 ya Kenya iliasisiwa na Rose Kimotho, baadaye ikaingia kampuni ya Mediamax, na jina halikuguswa.

Panaponiuma zaidi ni kwenye neno "mkurugenzi". Huku kwetu aliyesaini barua au aliyekata utepe tunamwita mwenye kituo. Mkurugenzi anaweza asiwe na hisa hata moja! Na mwenye hisa nyingi anaweza asionekane kwenye kioo hata siku moja. Nenda kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, lipia upekuzi wa kampuni (kampuni, si kituo, maana mara nyingi majina ni tofauti), kisha soma wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Ukikuta mwanahisa ni kampuni nyingine, ipekue na hiyo. Panda hivyohivyo mpaka umfikie binadamu. Tangu 2020 sheria inazitaka kampuni ziitajie BRELA mmiliki manufaa, yaani mtu anayenufaika mwishoni kabisa, ila usitegemee kupewa taarifa hiyo kwa kuiomba tu dirishani.

Mwasisi akifariki, tulia. Reginald Mengi, aliyeanzisha ITV ya hapa Tanzania mwaka 1994, alipofariki Mei 2019 wapo walioniuliza kama kituo sasa kimebaki hakina mwenyewe. Kampuni haizikwi na mtu. Hisa za marehemu zinaingia kwenye mirathi, na mpaka uhamisho wake usajiliwe, wewe huna cha kuandika kuhusu mmiliki mpya.

Mwezi uliopita binti mmoja wa chuo alikuja na kazi yake nyumbani. Tulikaa chini ya mwarobaini tukapiga mistari kwenye daftari: mwaka, jina la kituo, kampuni, mwanahisa, hisa, karatasi iliyothibitisha. Miaka ya mwanzo ilijaa vizuri. Katikati pakabaki miaka mitatu haina karatasi, na alitaka kuijaza kwa alichoambiwa na mtangazaji wa zamani. Nilimwomba aiache wazi. Jumatatu alirudi kulipia upekuzi mwingine.