Maswali ya Wasomaji: Mbio za Jumamosi Bustanini Wakati wa Baridi

Tangu saa ziliporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, barua nyingi tunazopokea kutoka kwa wasomaji waishio Uingereza zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: zile mbio za bure za kilomita 5 ziitwazo parkrun, ambazo wengi walizionja wakati wa kiangazi, je, zinafaa kwa mtu aliyekulia penye joto wakati nyasi zimeshaanza kupauka kwa jalidi? Tumechagua barua nne, tukazifupisha kidogo, na kutoyataja majina, kama waandishi wake walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Mwanza, na hapa Leicester ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika makao yao, pengine kwa zamu za usiku. Daktari aliniambia niuchangamshe mwili, nami nikaenda parkrun mara mbili mwezi wa Septemba. Nilitembea zaidi ya kukimbia. Sasa baridi imeingia. Nina hofu tatu: baridi yenyewe, kubaki wa mwisho huku watu wanaotaka kwenda nyumbani wakinisubiri, na kwamba huenda siku moja nitaletewa ankara, maana sijawahi kuona kitu cha bure katika nchi hii.

Dada yangu, nianze na hofu ya tatu kwa sababu ndiyo nyepesi. Ni bure kweli, na haikugeuzwa bure ili kuvutia wateja, ilizaliwa hivyo. Tarehe 2 Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt, aliyekuwa ameumia na hawezi kukimbia, aliwaita rafiki zake Bushy Park, kusini-magharibi mwa London, wakimbie kilomita 5 huku yeye akipima muda, ili baadaye wakanywe kahawa pamoja. Walijitokeza wakimbiaji 13. Mpango umeenea nchi nyingi, lakini utaratibu haujabadilika: unajiandikisha mara moja, unapewa msimbopau wako, yaani ile alama ya mistari inayosomwa kwa kifaa, nao unatumika katika bustani yoyote, majira yoyote. Ukisahau kuubeba utakimbia vilevile, ila muda wako hautaandikwa kwa jina lako.

Kuhusu kubaki wa mwisho, hilo haliwezekani, nami nalisema bila kutia chumvi. Kila Jumamosi kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya watu wote na kumaliza baada yao, kwa hiyo nafasi ya mwisho ina mwenyewe. Hakuna muda uliowekwa ambao ukipita unaondolewa njiani. Aidha, tangu mwaka 2022 kutembea kumetambuliwa waziwazi kuwa njia halali ya kushiriki, na katika bustani nyingi utawaona watu wa kujitolea wanaotembea kwa makusudi katikati ya watembeaji, ili mgeni kama wewe asione haya.

Baridi ndiyo inayohitaji maelezo marefu, na hapa nitajitolea ushahidi mwenyewe. Jumamosi yangu ya kwanza ya Desemba nilifika dakika 25 kabla ya wakati, nimevaa fulana nzito ya pamba na juu yake koti kubwa la kwendea kazini. Nilisimama chini ya mti nikisubiri. Tulipoanza, kabla ya kilomita ya pili nilikuwa nimelowa jasho, nikalivua koti na kulibeba mkononi kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi. Nilipomaliza nilisimama tena kupiga soga, na ile fulana iliyolowa ikageuka kitambaa cha barafu mgongoni. Vidole vilikufa ganzi hata nikashindwa kuitoa mfukoni karatasi yenye msimbopau. Mama wa makamo aliyeshika kifaa cha kusomea misimbo, amevaa glavu zilizokatwa ncha, ndiye aliyeingiza mkono mfukoni mwangu, akakuta karatasi imegeuka uji.

Angalia vizuri katika kisa hicho ni wapi baridi iliponiuma: nilipokuwa nimesimama kabla, na nilipokuwa nimesimama baada. Katikati nilikuwa nikilalamikia joto. Wakimbiaji wazoefu huvaa kana kwamba kuna joto zaidi kwa takriban nyuzi 10 kuliko ilivyo, yaani ukianza huku ukihisi ubaridi kidogo, umevaa sawasawa. Acha pamba, kwa kuwa hunywa jasho na kulishikilia. Vaa fulana ya michezo ya mikono mirefu, ile ya kitambaa kinachokauka upesi, taiti au suruali nyepesi, glavu na kofia inayofunika masikio. Fika kiasi cha dakika 15 kabla, kwa sababu wageni hupewa maelezo mafupi, lakini usisimame. Zunguka bustani kwa mwendo wa kwenda sokoni mpaka uitwe. Weka fulana kavu na lile koti kubwa kwenye mfuko, uvivae mara tu utakapomaliza, kabla ya salamu. Msimbopau ufunike kwa plastiki. Simu nayo inakubaliwa, lakini kioo kilicholowa mvua na vidole vyenye ganzi havielewani.

Umegusia pia zamu za usiku. Ukitoka kazini asubuhi ya Jumamosi, nenda ukalale. Usingizi ulioukosa hautalipwa kwa kilomita 5, na mtu mwenye usingizi hajikwai mara moja. Kuna Jumamosi nyingine, tena baadhi ya bustani huongeza mbio siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya.

Neno moja zaidi, kwa kuwa najua ndugu zetu watakuambia nenda ukapate jua. Jua la hapa kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi halina nguvu ya kutosha kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, hata ukikimbia kila siku. Ushauri wa huduma ya afya ya taifa kwa watu wenye ngozi nyeusi ni kufikiria kumeza mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku, mwaka mzima. Vidonge hivyo havina bei kubwa dukani.

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 63, asili yangu Mombasa, makao yangu sasa ni Glasgow. Nina pumu, ingawa si kali. Mwaka jana jirani yangu aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na tangu hapo mke wangu hataki kusikia habari za mbio asubuhi. Nitajuaje kama siku fulani njia ni salama? Na kifua changu je?

Shikamoo mzee wangu. Mama ana hoja, lakini anayepaswa kuogopwa ni barafu, si baridi. Waandaaji huikagua njia asubuhi yenyewe, na wakikuta barafu mahali wasipoweza kukwepa, huzifuta mbio za siku hiyo hata kama watu wameshafika. Hufanya hivyo pia kwa sababu ya upepo wa dhoruba unaoweza kuangusha matawi, au bustani inapofurika maji. Mvua ya kawaida na ubaridi mtupu haviwarudishi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kufunga kamba za viatu fungua ukurasa wa bustani yako uone kama kuna tangazo. Hatari kubwa kwa mtu wa umri wako, kwa maoni yangu, haiko bustanini ambako kila kona imetazamwa, bali kati ya mlango wako na kituo cha basi, ambako hakuna aliyepita kukagua. Ile barafu nyembamba isiyo na rangi, inayofanana na lami iliyolowa, ndiyo iliyovunja mikono mingi. Tembea kwa hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko.

Bustani nazo zinatofautiana. Pollok, kwa mfano, ina vilima. Ukiwa na kifua chepesi kushtuka, anza kwa kutembea. Hewa baridi na kavu huibana mirija ya mapafu ya mwenye pumu, na hubana zaidi akianza ghafla. Tembea taratibu kwa dakika 10 kabla ya kuanza, simama nyuma ya kundi ili usivutwe na kasi ya vijana, na ufunike pua na mdomo kwa skafu nyepesi ili hewa ipate joto kabla ya kuingia. Pampu ya kutuliza pumu iwe mfukoni mwako, si kwenye begi ulilotundika kwenye uzio mita 800 nyuma. Muulize muuguzi wako wa pumu kama uivute kabla ya mazoezi. Wengine huambiwa hivyo, wengine hapana. Kifua kikianza kulia filimbi, simama, uitumie, na umwambie mtu wa kujitolea aliye karibu. Yeye ataita msaada.

Kuhusu giza, Waskoti wamelifikiria. Uingereza yenyewe na Wales mbio huanza saa 3:00 asubuhi, lakini Skotlandi na Ireland ya Kaskazini huanza saa 3:30. Mwishoni mwa Desemba jua la Glasgow huchomoza karibu saa 2:45, hivyo nusu saa ile ina maana yake. Nasema saa zetu, mzee, wala si zile za kwenye tangazo lao. Naandika haya kwa sababu kijana mmoja wa kwetu, aliyekuwa na wiki mbili tu nchini, aliambiwa na binamu yake saa tatu, akafika bustanini saa tisa alasiri.

Mhariri, nina watoto wawili hapa Birmingham, wa miaka 7 na 12. Wote wanataka kukimbia nami Jumamosi. Yule mkubwa ana selimundu. Naomba ushauri.

Ndugu yangu, wa miaka 7 ana mahali pake hasa. Kuna mbio za watoto wa miaka 4 hadi 14 kila Jumapili asubuhi, kilomita 2 tu, nazo ni bure vilevile. Katika zile za Jumamosi mtoto aliye chini ya miaka 11 lazima awe karibu na mzazi kiasi cha kumfikia kwa mkono muda wote, maana yake utakimbia mwendo wake, si wako.

Kuhusu mkubwa nitakuwa mwangalifu. Baridi, kulowa na kuishiwa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu ya selimundu, na asubuhi ya Januari ina yote matatu, kwani mtoto aliye kwenye baridi hahisi kiu. Mpeleke swali hili daktari wa kliniki yake kabla ya kumpeleka mtoto bustanini. Akiruhusiwa, avae nguo tabaka kwa tabaka, anywe maji kabla na baada, aende mwendo ambao anaweza kuzungumza, apumzike bila kuulizwa kwa nini, na abadilishwe nguo papo hapo akimaliza. Maumivu au homa vikianza, mbio zimekwisha. Ila ukiniuliza mimi kama mzazi mwenzio, ningemwanzisha Mei. Na katika miezi hii ningetafuta shughuli ya ndani ambayo ndugu hao wawili wataifanya pamoja, ili mdogo asirudi kila Jumapili na hadithi za mbio mbele ya kaka aliyeachwa.

Mimi ni msichana wa Kiislamu, mwanafunzi hapa Cardiff. Navaa hijabu na nguo ndefu. Miaka hii Ramadhani inaangukia kipindi cha baridi. Je, niache kwenda kwa mwezi mzima?

Hakuna sare, na hakuna atakayekuuliza kuhusu mavazi yako. Wakati wa baridi, kwa kweli, hijabu inakuwa na faida ambayo wengine wanainunua dukani kwa jina la kofia. Tahadhari moja tu: gauni refu likilowa tope pindoni huwa zito na hunasa mguu, hivyo lipande juu ya kifundo, na ndani uvae taiti.

Saumu ya Februari ni fupi ukiilinganisha na ya Juni, ambapo jua la nchi hii halizami mpaka saa 3 usiku na kitu. Hata hivyo mbio ni asubuhi, na ukimaliza umebakiwa na saa nyingi bila tone la maji. Kukimbia kwa nguvu usijaribu. Kutembea kilomita 5 ni jambo ambalo wengi huliweza, mradi umekula daku vizuri na unakubali kuacha njiani ukihisi kizunguzungu. Lakini mimi ningekushauri utumie mwezi huo kujitolea. Mbio hizi haziendeshwi na waajiriwa. Wiki yenye watu wachache wa kujitolea ni wiki ya mashaka, na wakati wa baridi wiki hizo si chache. Mwandikie mratibu mapema, umwambie umefunga, naye atakupa kazi ya kuwagawia wanaomaliza vibao vya namba mwisho wa njia au kuelekeza watu kwenye kona. Kumbuka tu kwamba sasa wewe ndiye utakayesimama mahali pamoja kwa saa nzima wakati wenzako wanatoka jasho. Soksi mbili, viatu visivyopitisha maji, na lile koti kubwa nililomkataza dada wa Leicester: wewe livae, ulifunge mpaka shingoni.