Ajanta Jumatatu, Ellora Jumanne? Mkuu, geuza hiyo ratiba leo

Mkuu, mambo ya kamera, chakula na kubadilisha pesa uliyouliza yaache kwanza. Umesema mgonjwa wako yuko kwenye matibabu Mumbai, India, umepata siku mbili za kutazama mapango ya kale yaliyochongwa mwambani, unapanda treni ya usiku Jumapili hadi mji wa Aurangabad, Jumatatu mapango ya Ajanta, Jumanne ya Ellora. Ajanta hufungwa Jumatatu. Ellora hufungwa Jumanne. Umezilenga siku zote mbili zenye kufuli, hata mtu akikusudia hapatii hivyo!

Ratiba hiyo hiyo niliuziwa na dalali mmoja wa safari, "usijali" zake haziishi. Dereva naye alijua, akanyamaza kimya. Anyamaze kwa nini? Analipwa kwa kilomita, na Ajanta ni kama kilomita 100 kutoka mjini, kwenda na kurudi siku nzima imeisha. Tulipofika pamefungwa, waliotukaribisha ni nyani, na angalau wao hawakudai kiingilio.

Kwa hiyo: Jumatatu ELLORA, Jumanne AJANTA. Treni hubadilishi, hoteli hubadilishi, unageuza majina mawili tu.

Ellora ni karibu, kama kilomita 30. Mapango ni 34: 1 hadi 12 ya Kibudha, 13 hadi 29 ya Kihindu, 30 hadi 34 ya Kijaini. Usiyafuate kwa namba kama mkaguzi wa hesabu. Anza na 16, Kailasa, asubuhi mapema kabla jua halijachoma na mabasi ya wanafunzi hayajashusha. Ni hekalu zima lililochongwa karne ya 8 kutoka kwenye mwamba mmoja, wakianzia juu wakishuka chini, bila kujenga kwa matofali. Ukitoka ndani, panda kijia cha pembeni ulitazame kutoka juu. Halafu 10, ambako dari la jiwe limechongwa mbavu kama boriti za mbao.

Ajanta toka mjini alfajiri, barabara inakula zaidi ya saa mbili. Gari lako haliruhusiwi kufika mapangoni. Linabaki njia panda, kilomita 4 hivi, unapanda mabasi ya pale pale. Beba noti ndogo. Michoro ya ukutani iko hasa mapango ya 1, 2, 16 na 17. Sanamu ya Buddha aliyelala iko pango la 26, karibu na mwisho, kwa hiyo usimalize miguu mapema. Penye michoro unavua viatu na mwanga wa kamera ni marufuku. Ukiingia simama kwanza dakika kadhaa macho yazoee giza, la sivyo utaona ukuta mweusi tu na kusema umeibiwa.

Aurangabad siku hizi inaitwa Chhatrapati Sambhajinagar, usishtuke kwenye tiketi.

Na kama mgonjwa akikuhitaji ukabakiwa na siku moja: ikiwa Jumatatu nenda Ellora, ikiwa Jumanne nenda Ajanta. Dalali akikuapia kwamba wiki hii wamefungua, mwambie akupeleke kwa mafuta yake.