Maswali ya Wasomaji: Tochi ya Mfukoni, Anza na Betri

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo katika eneo la Kimilili, Kaunti ya Bungoma, na mara nyingi huitwa usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa. Kwa muda mrefu nimetegemea taa ya simu, ambayo hunilazimu kumpa mwenye boma anishikie, naye kwa wasiwasi hutetemeka hata nisione ninachokifanya. Nimewahi kununua tochi tatu za bei nafuu sokoni, zote zimeandikwa maelfu ya lumeni, na hakuna hata moja iliyomaliza mwaka. Sasa niko tayari kutoa pesa za maana kwa tochi moja bora, ndogo ya kukaa mfukoni kila siku. Nitazame nini kwanza?

JIBU: Daktari (maana vijijini kwetu kila abebaye sindano ya ng'ombe ni daktari, cheti chake kiwe cha aina gani), tazama betri kwanza. Wanunuzi wengi huanza na lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye tochi, kwa kuwa ndiyo namba iliyochapishwa kwa wino mnene zaidi kwenye boksi. Lakini mwanga wote huo hutoka kwenye betri, na kiasi kilichomo ndani ya betri kinaweza kupigiwa hesabu kabla hujatoa shilingi moja.

Chukua betri ya lithiamu inayoitwa 18650, ambayo kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Iliyo bora hubeba takriban mAh 3500 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), nazo kwa volti 3.6 ni kama wati 12 kwa muda wa saa moja. Tochi nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Basi ukiiwasha kwa lumeni 100 itakaa saa 10 au zaidi kidogo. Ukiiwasha kwa lumeni 1000 betri itakwisha kwa saa moja hivi, na hata hiyo saa moja hutaipata, kwa sababu mwili mdogo wa tochi hushika joto na baada ya dakika chache tochi yenyewe hujipunguza ili isikuunguze mkono. Kwa kulinganisha, balbu ile ya zamani ya wati 60 iliyokuwa ikining'inia sebuleni ilitoa lumeni 800 hivi. Tochi ya sokoni inayojigamba kwa lumeni 100,000 ingehitaji takriban wati 1000, ambazo ni nguvu za pasi ya umeme, na sijaona mtu akitembea na pasi iliyowashwa mfukoni.

Vilevile usidanganyike na saa zilizoandikwa. Kwa kipimo cha FL1 ambacho watengenezaji wengi wenye sifa hukifuata, saa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi inaweza kutajwa kuwa ya lumeni 1000 kwa saa 3, kumbe sehemu kubwa ya saa hizo inatoa lumeni 300 au chini yake. Huo si wizi, ila ni lazima ujue kusoma.

Kwa kazi yako ningechagua tochi ya 18650 ambayo kichwa chake kimepinda kama herufi L, yenye mkanda wa kuvaa kichwani unaoweza kutolewa. Mchana hukaa mfukoni kwa klipu yake kama tochi nyingine yoyote. Usiku unaivaa kwenye paji la uso, mikono yote miwili inabaki kwa ndama, na mwenye boma unamtuma akalete maji ya moto. Nimewaona wahudumu wakiibana tochi nyembamba kwa meno, tochi ileile iliyokuwa sakafuni mwa zizi dakika moja kabla, na sipendekezi mtindo huo kwa mtu anayeshughulika na kondo la nyuma.

Hakikisha betri yenyewe inatoka. Ziko tochi nzuri ambazo betri imefungiwa ndani, lakini betri ya lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, ilhali LED bado ina miaka mingi mbele yake, na inauma kutupa tochi nzima kwa ajili ya betri. Tundu la chaji la USB-C kwenye tochi litakufaa, kwa kuwa utachaji kwa chaja ya simu au kwa sola ya nyumbani stima ikipotea. Kama unakaa siku nyingi mahali pasipo na chaji yoyote, iko hoja ya kuchagua tochi ya betri ndogo za AA, ambazo hazikosekani katika kioski chochote kuanzia Kimilili hadi Mbale. Hata hivyo kumbuka kwamba betri moja ya AA ya kuchaji, yenye mAh 2000 kwa volti 1.2, ina takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu ya 18650. Kuna pia betri ya lithiamu ya 14500 inayofanana na AA kwa umbo lakini ina volti 3.7, usiitie kwenye tochi ambayo haikuandikwa kuwa inaikubali, kwani utaiunguza.

Jambo la pili ni rangi, na kwako wewe lina uzito kuliko kwa mlinzi wa lango. Tochi nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wa samawati unaofanya damu ionekane kama chai ya rangi. Ufizi wa ng'ombe mwenye ndigana baridi hupauka au huingia umanjano, na chini ya mwanga wa namna hiyo huwezi kuapa kama umeuona umanjano au la. Tafuta herufi CRI kwenye maelezo, ambazo ni kipimo cha jinsi mwanga unavyozionyesha rangi zilivyo. 90 kwenda juu ndiyo unayoitaka, hata kama kwa ajili yake utapoteza sehemu ya lumeni zako.

Tochi iwe pia na ngazi ya chini kabisa, lumeni 1 hadi 5, ya kusomea lebo ya chupa ya dawa bila kujipofusha. Kuhusu maji, alama ya IPX4 hustahimili mvua, IPX7 huzama mita 1 kwa nusu saa. Kwa mvua zetu chukua ya pili.

Swichi nayo iweze kufungwa. Mimi niliwahi kupanda matatu Kisumu nikielekea Busia huku tochi ikiwa mfukoni, ikajiwasha kwa ngazi ya juu, nami nikaitambua pale paja lilipoanza kuchoma. Tangu siku hiyo hulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko kabla ya kuitia mfukoni. Tochi nyingi hukata umeme kwa njia hiyo.

Mwisho, betri za akiba. Betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9900 ni ya uongo. Iliyo halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, kwa hiyo iweke kwenye mizani ndogo. Ikikosa hata 40, irudishe. Usiibebe mfuko mmoja na funguo, kwa kuwa chuma kikigusa ncha zote mbili betri inaweza kushika moto.

SWALI: Tochi yangu ya AA ilikaa kwenye droo kwa miezi mingi hapa Nyalenda, na sasa haiwaki. Ndani kuna unga mweupe. Je, imekufa?

JIBU: Pengine bado. Betri za alkalini zikikaa muda mrefu huvuja potasiamu haidroksaidi, nayo hukauka kuwa unga huo. Vaa glavu, toa betri, kisha sugua springi na ncha za chuma kwa pamba iliyochovywa siki au maji ya limau, ambayo huuvunja unga huo. Pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache wazi ikauke siku nzima, halafu tia betri mpya. Ikiwa springi imeliwa mpaka imekatika, mpelekee fundi wa redio aibadilishe.